Kumtafuta Askari Aliyeitwa Ejok

Niliondoka Kitale kwenda Turkana kwa sababu ya kisahani chekundu nilichokinunua bila kujua, kikiwa chini ya vifungo ndani ya kopo la biskuti.

Mimi hukusanya vitu vya zamani vya kijeshi: vifungo vya makoti, beji za kofia, mikanda, vikombe vya bati, chochote kilichopita katika vile vita viwili vikubwa vya Wazungu kikaachwa huku kwetu. Kitale ni pazuri kwa jambo hilo. Shamba la mlowezi wa zamani likiuzwa, vyombo vya nyumba hunadiwa uani, na wakati watu wanagombania makabati mimi huinama kwenye maboksi ya takataka. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sijapata, na vitu hivi vilinipa jambo la kuwaza ambalo halikuwa maisha yangu mwenyewe.

Kopo lile lilitoka katika nyumba ya marehemu mmoja aliyewahi kuwa afisa wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Kisahani nilikitambua mara moja. Katika vita vya pili askari alivaa shingoni visahani viwili vya nyuzi zilizoshindiliwa zikawa ngumu kama ngozi ya kiatu, kimoja cha kijani na kimoja chekundu. Akifa, cha kijani huzikwa naye. Chekundu hukatwa kwenye kamba na kupelekwa ofisini, ili nyumbani kwake wapewe habari. Mimi nilikuwa na chekundu. Namba ilikuwa imelika, lakini herufi zilisomeka: EJOK, na chini yake, TURKANA.

Nilikaa na kisahani hicho miezi kadhaa nikijiuliza kwa nini kiko kwenye kopo. Pengine afisa alisahau kukipeleka. Pengine alikipeleka kikarudishwa. Pengine askari hakufa, alipoteza tu cha kijani, na mimi namlilia mtu aliyezeeka akiwa na mbuzi na wajukuu. Kila jibu nililopata lilizaa jingine. Mwishowe nilimpigia simu Ewoi, ambaye tulisoma naye chuo na sasa alikuwa na kazi katika ofisi moja ya Lodwar. Nikamwambia natafuta jamaa za askari Mturkana wa vita vya pili. Jina sikumtajia. Nilitaka kumwonyesha kitu chenyewe mezani, nione uso wake, kama tufanyavyo sisi wakusanyaji tukitembeleana.

Nia yangu ilikuwa kupata jina kamili, ukoo, na ikiwezekana picha ya mtoto au mjukuu, kisha nirudi na kisahani changu. Kitu ambacho mwenyewe anajulikana ni kitu kingine kabisa.

Asubuhi moja ya Januari 2013 nilipanda mbele katika lori la kabichi na viazi. Dereva alikuwa mtu mnene asiyenyamaza. Aliniuliza nafuata nini kule, nikamwambia utafiti, kwa kuwa neno hilo huwafanya watu waache kuuliza. Yeye halikumnyamazisha.

"Utafiti wa mafuta?" akasema. "Siku hizi kila mtu anaenda Lokichar kutafuta mafuta. Wewe huna hata kofia ya plastiki."

Baada ya Marich barabara ilishuka na hewa ikabadilika. Baridi ya Kitale iliyokuwa imebaki kwenye koti langu iliisha, nikalivua, nikalikunja, nikalikunjua tena kuhakikisha kisahani kipo mfuko wa ndani. Kainuk tulisubiri polisi wa kutusindikiza, maana kipande kile kilikuwa na sifa mbaya. Lami ilikuwa imebaki vipande vipande, na dereva aliiacha akaendesha pembeni, juu ya mchanga.

Kalemng'orok tulisimama kunywa chai. Kwenye kibanda alikuwapo mzee mmoja ameketi juu ya kile kigoda chao kidogo cha mbao, nikaona nianzie kwake.

"Mzee, shikamoo. Unamjua mtu yeyote anayeitwa Ejok?"

"Ejok," akajibu, akanyoosha mkono.

Nikaupokea. "Ni wewe? Au baba yako?"

"Ejok, ejok," akasema tena, akitabasamu, akanishikilia mkono. Kisha akamwambia mwenye kibanda jambo na wote wawili wakaniangalia kwa upole. Nikafikiri mzee hasikii vizuri. Dereva alikuwa amekwisha kupiga honi.

Jioni tuliingia Lodwar. Ewoi alinipokea stendi akanipeleka kwake, nyumba ya vyumba viwili karibu na mto Turkwel, mahali ambapo miti ya mikoma inasimama kwa safu na watoto wanachota maji kwenye visima vya mchangani. Alikuwa amenunua samaki wa ziwani. Tulikula tukicheka habari za chuo, nani kaoa, nani bado anadai yuko karibu kuajiriwa. Nilisubiri mpaka vyombo vikaondolewa. Ndipo nikatandika leso mezani, nikaweka kisahani juu yake.

Ewoi alikisoma. Akakigeuza, akakisoma tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza.

"Wafula," akasema, "huyu hakuandikwa jina. Huyu alisalimiwa."

Sikuelewa.

"Ejok ni salamu. Mtu anakuuliza ejoka, uko mzuri? Unajibu ejok, mzuri, mzima. Hukusikia huko njiani? Sasa fikiria. Kijana ametolewa kwa ng'ombe, Kiswahili hajui. Karani amekaa na kalamu, hajainua hata macho, anauliza, jina? Kijana anaona huyu mkubwa ananisalimia, basi nimjibu kwa heshima. Ejok. Karani anaandika. Anayefuata."

Nilimkumbuka mzee wa Kalemng'orok na mkono wake, nikaona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Halafu nikaanza kuona mengine. Habari ya kifo ilikuwa imetafuta mtu anayeitwa Mzima. Labda afisa yule alituma watu, wakaenda boma hadi boma wakiuliza Ejok yuko wapi, na kila mahali wakajibiwa kwa furaha. Akachoka, akakitia kwenye kopo.

Nilipomwambia Ewoi hayo, hakucheka tena. Alikuwa anakuna shingo.

"Kuna jambo," akasema. "Uliponipigia, mimi nilipiga Kakuma. Kule yuko Ata Arot, nyanya yangu, yaani dada wa nyanya yangu mwenyewe. Baba yao alikwenda na Keya akapotea. Lopeyok. Nilisema tu kuna rafiki yangu ana kitu cha askari wa Kiturkana wa zamani."

"Ulisema ni cha Lopeyok?"

"Sikusema. Lakini ulivyo ujumbe, ukifika kwa mtu wa pili unakuwa umenona."

Alipiga simu hapohapo. Nilimsikia akiongea Kiturkana, akisikiliza, akiongea tena kwa sauti ya chini. Alipomaliza aliketi. Kakuma walikuwa wameambiwa kwamba Lopeyok ameonekana na analetwa. Mbuzi alikuwa amekwisha kutolewa. Ata Arot alikuwa amemwita wa kumnyoa.

Alinieleza jambo la kunyolewa, kwani kwetu pia lipo ingawa si sawasawa. Mtu akifa, watu wake hunyoa nywele, na mke huvua shanga za shingoni. Hadi habari ifike, huwezi. Mama yake Ata Arot hakuwahi kuletewa habari. Kila mwaka watu walimwambia avue, naye aliwajibu kwamba akivua na mume aje, atamwambia nini? Alizikwa na shanga zake zote. Sasa Ata Arot mwenyewe alikuwa amezeeka, na alichokitaka ni kumlilia baba yake kabla hajamfuata.

"Tuwaambie wasubiri," nikasema.

"Nimewaambia kuna shaka kidogo. Wamesema njooni tule."

Kesho yake tulipata nafasi katika gari lililokuwa linapeleka vifaa kambini kwa wakimbizi. Njia nzima ya kwenda Kakuma nilikuwa natunga sentensi. Nilianza na samahani, nikaona inatisha. Nilianza na historia ya visahani, nikaona ni majivuno. Nje ilikuwa tambarare, vichuguu virefu vyembamba vimesimama kama watu waliogoma kutembea, na vichaka vya miiba vya mathenge vimejaa kila laga, yaani kila mto mkavu. Ewoi alinitazama midomo ikicheza.

"Unaomba?"

"Natayarisha."

"Ukitayarisha sana utasema upuzi. Wewe nyamaza, mimi nitatafsiri."

Kakuma ni miji miwili iliyogeuziana nyuso. Upande mmoja ni kambi, na maduka yake ya Wasomali, mikahawa ya Wahabeshi na makanisa ya mabati. Upande wa pili ni mji wa wenyeji. Boma la Ata Arot lilikuwa ukingoni mwa mji, vibanda vya matawi ya mikoma ndani ya ua wa miiba, na magunia ya makaa yameegemezwa mlangoni. Makaa ndiyo aliyoyauza kwa wakimbizi tangu kambi ilipoanza.

Alikuwa mwembamba, mrefu, nywele za mvi zimeachwa kichwani kama kilemba kidogo. Aliniamkia yeye kwanza, kwa salamu ile ile, na mimi nikajibu ilivyopasa. Nilisikia neno likinitoka kinywani, nikaogopa.

"Mimi najua Kiswahili ya makaa tu," akaniambia. "Gunia, debe, leta pesa. Hii ingine, Ewoi atasema."

"Na Kiswahili ya makaa yenyewe anadanganya," akasema mwanamke aliyeketi karibu naye. "Makaa ina maji ndani, yeye nasema kavu."

"Nyibol, wewe nanunua miaka yote, unakufa?"

Wakacheka. Nyibol alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwenye duka dogo kambini, mteja wa Ata Arot na rafiki yake. Alikuwa amevuka laga na mfuko wa sukari, kama wanavyopelekeana watu kwenye matanga. Niliuona ule mfuko nikatamani ardhi inifunike.

Hawakuwa peke yao. Kivulini walikuwa wameketi wazee wengine, wanaume kwa wanawake, waliotembea kutoka maboma ya mbali. Nyuma ya kibanda moshi ulikuwa unapanda. Mbuzi alikuwa tayari juu ya moto.

Ewoi aliniashiria. Nikatoa kisahani, na kwa kuwa sikujua adabu ya jambo lile, nikampa Ata Arot kwa mikono miwili. Alikipokea hivyo hivyo. Alipitisha kidole juu ya herufi, kisha akalitafuta tundu la kamba, akaliziba kwa ncha ya kidole, akaliacha, akaliziba tena.

"Wameandika nini?" akauliza, Ewoi akanitafsiria.

Ewoi aliangalia chini. Nilijibu mimi.

"Wameandika Ejok."

Akasubiri. Wote walisubiri, wameinua nyuso.

"Ejok," akasema Ata Arot. "Halafu?"

Nilikuwa nimetayarisha sentensi nyingi na hakuna hata moja iliyofaa kwa swali lile. Alidhani ni mwanzo wa maneno ya baba yake. Alikuwa anangoja yaliyobaki.

"Hakuna halafu, Ata," Ewoi akasema kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka nami nishuhudie, kisha akageukia Kiturkana akaeleza yote: karani, kalamu, kijana, jibu. Alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Hakuchekesha.

Mzee mmoja kivulini ndiye aliyecheka, kicheko kifupi cha puani, kisha akafuta macho. Akasema jambo, na Ewoi akanitafsiria: "Anasema mjomba wake pia alichukuliwa. Kama aliulizwa hivyo, naye angejibu hivyo. Angejibu nini kingine?"

Mama mmoja akasema alikuwa na kaka mkubwa, hakumwona kwa macho, alizaliwa baada yake. Mwingine akataja baba. Waliomba kisahani. Ata Arot alikitoa, kikapita mkono kwa mkono, na kila aliyekishika alikitazama kwa muda na kukisalimia. Sikuhitaji kutafsiriwa. Walikiuliza ejoka, na wakakijibia wenyewe.

Nilidhani wataanza kugombana. Hakuna aliyegombana. Nadhani wangegombana ingekuwa rahisi zaidi kwangu.

Wakati kisahani kikizunguka, Nyibol alinisogelea, akaniinamia sikioni.

"Wewe umesoma, ya ibni, mtoto yangu," akasema. "Sema ni ya baba yake. Nani atajua?"

"Lakini sijui kama ni yake."

"Mimi nakuuliza nani atajua, wewe nasema hujui. Bwana yangu Majok alirudi Sudan, vita, kalas, kwisha. Mtu mmoja aniletee hata kifungo, aseme hii ni ya Majok. Mimi nachukua. Mimi siulizi imetoka kiwanda gani."

Nilimtazama Ata Arot. Macho yake yalikuwa yanafuata kisahani kilivyokuwa kinapita. Ingekuwa sentensi moja tu. Ningeweza kusema afisa yule alikuwa na Lopeyok, kwamba niliona mahali, kwamba ni hakika. Nikaanza kuipanga hiyo sentensi, na bila shaka nikaanza pia kuwaza wale wengine wenye wajomba na kaka, ambao wangesikia uongo huo huo na kurudi kwao mikono mitupu. Kisha nikawaza kwamba nawatumia wale kama kisingizio, na kwamba kweli ni kuwa nimezoea tu kukataa kitu kisicho na ushahidi. Nilikuwa bado hapo katikati aliponiuliza mwenyewe, kwa kile alichokiita Kiswahili ya makaa.

"Wewe mtoto ya mbali. Hii ni yake?"

"Sijui, Ata."

"Hujui kidogo au hujui kabisa?"

"Kabisa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei akaona ni ya haki lakini hawezi kuilipa. Nyibol alianza kumwambia achukue hivyo hivyo, na Ata Arot akamjibu kwa Kiturkana, maneno machache. Nilimgusa Ewoi mkono.

"Anasema, nikinyolewa kwa ajili ya baba wa mwingine, wangu nitamnyolea nywele zipi?"

Mama mmoja mwenye wembe uliofungwa kwenye kitambaa alikuwa ameketi kando muda wote ule. Alikirudisha kitambaa ndani ya nguo yake.

Ata Arot akasimama. Akawaambia watu jambo kwa sauti ya mwenye nyumba, na wakaanza kusogea na kutengeneza nafasi ya kukaa. Ewoi akaniambia kwa sauti ndogo: "Amesema huyu ni mbuzi wa wageni. Tuleni."

Tukala. Nyama ilikuwa nzuri, na watu walizungumza habari za mvua na za uchaguzi uliokuwa unakuja. Sukari ya Nyibol iliingia kwenye chai. Mtu ambaye angepita pale wakati ule angefikiri ni karamu, na ingekuwa vigumu kumkosoa.

Tulipoaga, nilimwambia Ata Arot kwamba kisahani kibaki. Nilikuwa nimeamua wakati wa kula, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kulirudia wazo. Hata kama si cha Lopeyok, kilikuwa cha mmoja wao. Kikae kwao.

Alikataa. Alikichukua kutoka kwa mzee wa mwisho, akakifuta mafuta ya nyama kwa nguo yake, akanitia kiganjani na kunifunga vidole. Alisema kwa Kiturkana, akimwangalia Ewoi ili asikose neno.

"Anasema kikikaa kwake atakuwa anawanyima hawa. Kikikaa kwa hawa atakuwa anamwacha baba yake kwa watu. Anasema, beba wewe. Wewe huna baba ndani yake."

Nyibol alivuka nasi laga mpaka barabarani. Hakunisema. Alinipa mkono tu, akasema, "Malesh," nami sikujua kama ananipa pole au ananisamehe.

Lodwar nililala mchana kutwa. Ewoi aliniacha. Tulipoagana stendi alitaka kufanya mzaha wa zamani, akaanza, akaacha, akanisaidia kupakia begi.

Nilirudi Kitale kwa basi, upande wa dirisha. Nilipofika nilikuta baridi na kazi zile zile za kuomba kazi. Mkusanyaji mwenzangu alikuja wiki iliyofuata kuona nilichopata. Nilimwonyesha kisahani. Alikiinua kwenye mwanga, akakagua ukingo, rangi, na namna herufi zilivyopigwa moja moja kwa nyundo, akauliza swali ambalo sisi huuliza kwanza na mara nyingi halifuatwi na jingine: je, ni halisi?

Nilimwambia ni halisi. Katika yote niliyokwenda nayo Turkana, hilo tu ndilo nililokuwa na hakika nalo, na kule halikumfaa mtu.